Jozi ya Pili ya Mwalimu Idi

Zuhura na Petro, siku nilipoaga pale karakanani mliniambia niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimekubali, kwa sharti kwamba mtasoma mpaka mwisho na si kuruka mpaka pale palipoandikwa namna ya kukaza vigingi. Nawafahamu, mnapenda majibu. Mimi majibu yangu yote niliyapata kwa kuchelewa, mengine baada ya kuaibika mbele za watu, na sioni kwa nini ninyi myapate mkiwa mmekaa.

Sikwenda kwa Mzee Shabani kujifunza udi, ala ile ya nyuzi. Nilikwenda kupiga msasa viti. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko hapa Singida mjini, naye alitengeneza vitanda, makabati na milango. Kwenye kona kulikuwa na rafu moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Hapo ndipo alipoweka udi za watu wa kasida na taarabu, waliomletea kutoka kila upande kwa sababu fundi mwingine hakuwapo. Mimi nilikuwa binti wa kwaya kutoka Unyambwa, mwimbaji wa sauti ya pili, na nilikuwa na tabia ya kuimba huku nikisugua mbao.

Siku yangu ya kwanza, kabla hata ya saa nne, akaniita.

"Wewe binti, hiyo unayoimba ni sauti ya pili?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi una sikio la kusikia mtu wa pembeni. Njoo usikie ugomvi huu."

Akaushika udi na kugonga nyuzi mbili zilizolala pamoja. Kama hamkumbuki nilivyowafundisha, na najua hamkumbuki, udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja: jozi tano, na mmoja mnene wa besi anayekaa peke yake kama mseja. Kila jozi ni nyuzi mbili zinazotakiwa kutoa sauti moja. Mseja hana shida na mtu. Taabu yote ya kazi hii, tangu siku ile mpaka nilipostaafu, imetoka kwa wale waliokaa wawili wawili.

Zile mbili zilikuwa hazielewani. Mzee Shabani akanipa udi, akaniambia nizipatanishe, akaenda kwenye kibao chake kunywa uji. Nikaona mmoja uko chini, nikaukaza. Ukapita. Nikakaza na mwenzake umfikie, naye akapita. Nikarudi kwa wa kwanza. Nikawa napandisha huyu, napandisha yule, mpaka jozi ile ikawa inalia kama nyuzi nyembamba kuliko zote. Kisha uzi mmoja ukakatika, ukaruka, na ncha yake ikatua kwenye uji wa mzee.  Mzee akautoa ule uzi, akaulamba, akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mtu aliyeingia karakana ile.

"Mmoja asimame, mwenzake amfuate. Usiguse wote wawili hata siku moja."

Hiyo ndiyo kanuni. Unachagua uzi mmoja, unauweka sawa, halafu unauacha kabisa. Unamgeuza mwenzake tu. Zikikaribiana bila kufikiana, sauti inatetemeka, wa-wa-wa-wa. Kadiri unavyokaribia, mtetemo unapunguza mwendo, waa, waaa, na ukifika unanyamaza na nyuzi mbili zinakuwa neno moja. Simu zenu haziusikii mtetemo huo. Zinasikia uzi mmoja mmoja na kuwasha taa ya kijani, nanyi mnamrudishia mteja udi wenye taa za kijani kumi na moja na jozi tano zinazogombana. Nimesema hili mara nyingi, na nitalisema hata kaburini.

Mengine aliyonifundisha ni madogo lakini yanaokoa. Ukaze uzi kutoka chini kwenda juu, usiushushe kutoka juu, maana ukishushwa hujificha kwenye mfereji wake wa shingoni na kulegea baadaye. Ziba mmoja kwa kipande cha ngozi unapotaka kumsikia mwenzake. Usiuoze uzi mpya kwa uzi mzee, badilisha wote wawili. Mwezi wa saba, upepo wa hapa ukianza kukausha midomo ya watu, hukausha na vigingi, vile vijiti vya kukazia nyuzi, navyo husinyaa na kuteleza, vipake chaki. Masika huvimba na kukwama. Vipake sabuni kavu. Na kabla ya yote, futa udi uwe safi. Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kesi nyepesi sitazieleza. Kulikuwa na bwana aliyefunga mshipi wa kuvulia samaki kutoka ziwa la Singidani pembeni ya uzi halali, akashangaa kwamba jozi haielewani. Nilimwambia hata samaki wangeshangaa. Kesi ninayotaka kuwaachia ni moja tu, ya Mwalimu Idi.

Mwalimu Idi alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi huko Issuna. Alikuja kwetu kijana bado, mimi nikiwa nimeshazoea kazi, akiwa na udi wa marehemu baba yake na ombi la ajabu. Alikuwa ni wa mashoto, akataka nyuzi zigeuzwe. Watu wengi hugonga nyuzi kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni na kugeuza vigingi. Yeye alifanya kinyume: kushoto kugonga, kulia kubana na kukaza. Fundi mwingine angemtolea hotuba. Mzee Shabani alisema mikono ni ya Mungu, yeye anageuza nyuzi tu, akazigeuza. Mimi nikamfundisha Mwalimu kanuni: mmoja asimame, mwenzake amfuate. Akaishika kama jedwali la kuzidisha.

Miaka ikapita. Mzee Shabani akazeeka na kupumzika, akaniachia rafu. Mwalimu Idi akajiunga na kikundi cha taarabu kilichokuwa kikipiga harusini, chini ya kiongozi wao Jumanne, mtu mnene wa sauti nyembamba. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kila harusi, wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wimbo wa pili, jozi ya pili ikaanza kuyumba. Wimbo wa tatu, Mwalimu alikuwa akikaza kigingi kuliko kupiga.

Akaleta udi kwangu. Nikaufuta, nikabadilisha nyuzi zote mbili, zikakaa. Akaenda harusini, zikayumba. Akaurudisha. Nikaufuta, nikasafisha mifereji na kuipaka risasi ya penseli. Zikakaa. Harusini, zikayumba. Mara ya tatu nikaufuta na kuchonga kigingi kipya cha mti mgumu, kwa kuwa ni kigingi kimoja tu kilichokuwa kikiteleza, cha uzi ule unaofuata. Cha mwenzake anayesimama kilikuwa imara kama nguzo. Kile cha zamani nikakitupa kwenye jiko letu la kupikia gundi. Kiliwaka vizuri ajabu, kwa moto wa njano. Sikujiuliza kwa nini.

Nikamkalisha Mwalimu karakanani adhuhuri nzima, apige mbele yangu. Alipiga kwa muda wa saa mbili, na jozi ile haikusogea hata unywele. Nilimpa chai ya rangi, bila andazi. Mniwie radhi kwa kulitaja andazi, lakini laiti ningekuwa mkarimu kidogo siku ile, ningegundua ugonjwa palepale.

"Unauacha juani," nikamwambia.

"Dada Rehema, naufunga kwa blanketi kama mtoto."

"Basi unakunywa."

"Mimi? Muulize imamu."

"Basi ni upepo," nikasema, kwa sababu Singida ukikosa wa kumlaumu, upepo upo.

Wiki ile Jumanne akaja mwenyewe. Hakukaa.

"Dada, nakuheshimu. Ila harusi ya Issuna Jumamosi ndiyo ya mwisho. Mpwa wangu amepata kinanda cha umeme, hakina vigingi, hakina jozi, unabonyeza tu. Tutakwenda nacho. Udi ukiyumba tena, Mwalimu atakaa na wageni."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema ahsante tu. Afadhali angenitukana."

Mwalimu alipokuja kuuchukua udi nilimuuliza kama ni kweli itamuuma kiasi hicho. Ana kazi yake, ana mke, ana ng'ombe. Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Darasani wananisikiliza kwa sababu kengele imelia," akasema. "Pale wananisikiliza kwa sababu wanataka. Sina mahali pengine pa namna hiyo, dada."

Nilitamani kulia, na mimi si mtu wa kulia. Nikaamua kwenda Issuna. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitibu udi bila kwenda kuona unaumwa wapi.

Harusi ilikuwa mchana, chini ya turubai, na upepo ukililamba kila upande. Nilikalishwa kwenye mkeka na akina mama, kando ya mama yake Mwalimu, ambaye wote tulimwita Mama Idi. Mama mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu kuku. Nikamwamkia, akaitika, akanisogezea nafasi. Kinanda nacho kilikuwepo, kimefunikwa kitambaa, kikisubiri kama mrithi kando ya mgonjwa.

Sasa ninyi mnajua desturi. Mpigaji hapigi na njaa kwenye shughuli ya mtu. Kabla ya wimbo wa kwanza wanapewa chai, na baada ya wimbo wa kwanza sinia linaletwa, na mama mwenye shughuli anasimama pale akihakikisha linaisha. Ukikataa, umeitukana nyumba. Wimbo wa kwanza ukapita salama, sinia likaja: wali, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti, mafuta ambayo katika mkoa huu hayajawahi kupimwa kwa kijiko. Mwalimu Idi akashika paja la kuku. Kwa mkono wa kulia.

Nilimtazama. Saa aliirekebisha kwa kushoto. Nzi alimfukuza kwa kushoto. Miwani aliisukuma kwa kushoto. Lakini kuku alimla kwa kulia, na wali aliukanda kwa kulia, mafuta yakimfika kifundo cha mkono.

"Mama," nikasema, "mwanao si wa mashoto?"

"Ni wa mashoto kwa mambo yake," akasema Mama Idi. "Kwa chakula ni wa kulia. Nilimchapa mpaka mkono ukaijua njia ya sahani. Mtoto wangu atie mkono wa kushoto kwenye sinia la watu? Labda nikiwa nimekufa."

Wakati huo binti alikuwa akiwapitishia maji kwa birika na beseni. Maji matupu, mara moja, haraka haraka, maana bwana harusi alikuwa anasubiri. Nyumbani Mwalimu aliosha kwa sabuni na kusuuza kwa maji mengi. Hapa alikung'uta mkono, akajipangusa kwenye suruali, akauchukua udi, na ule mkono wa kulia ukaenda moja kwa moja kwenye kigingi. Si vyote. Kimoja tu, cha uzi unaofuata, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Akakichomoa kidogo, akakishika pale kinapoingia kwenye tundu lake, akakirudisha kwa nguvu.

Kila mpiga udi mwingine duniani aliyelelewa vizuri hula kwa kulia na kukaza kwa kushoto. Mafuta hayakutani na kigingi. Mtu huyu mmoja, kwa fimbo za mama yake na kanuni yangu mimi, alikuwa akikipaka alizeti kigingi kilekile kila harusi. Kilivyozidi kuteleza ndivyo alivyozidi kukishika, na alivyozidi kukishika ndivyo kilivyozidi kuteleza. Nami kila alipoleta udi, nilianza kwa kuufuta. Nilikuwa nikifuta jibu kwa kitambaa, halafu nalitafuta.

"Mwalimu, usishike!" nikapiga kelele.

Turubai zima likageuka. Nikaruka miguu ya akina mama, nikamnyang'anya udi, nikakichomoa kigingi na kukinusa. Naambiwa mpaka leo Issuna kuna watu wananijua kwa jina la yule mama aliyenusa udi. Jumanne alinijia amevimba kwa hasira.

"Dada Rehema, unatuaibisha!"

"Ni kuku," nikamwambia.

"Kuku nini?"

"Kwenye kigingi. Ni kuku. Nipeni chaki, haraka."

Nani ana chaki harusini? Nikaona Mwalimu anaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati na kutoa vipande vitatu, viwili vyeupe na kimoja cha buluu. Hakuwahi kutembea bila chaki tangu aanze ualimu. Miaka yote hiyo dawa ilikuwa mfukoni mwake, sentimita chache kutoka kwa ugonjwa. Nikakifuta kigingi kwa pindo la kanga, nikakisugua chaki, nikakirudisha. Mimi nilikuwa sijala bado, wala hakuna aliyekuwa amenikaribisha, na kwa mara ya kwanza nilishukuru. Nikakaza kutoka chini. Wa-wa-wa, waa, waaa, kimya. Nikampa.

Jozi ile haikuyumba wimbo wa pili, wala wa tatu, wala ule mrefu wa kumtoa bibi harusi ambao Jumanne huuimba mpaka watoto wanasinzia. Kinanda kilirudi mjini na kitambaa chake. Mwalimu alipiga ameinamisha kichwa kuficha machozi, nami nikatazama pembeni.

Mnadhani yaliishia hapo. Ugonjwa ulijulikana, tiba ndiyo ilikuwa kazi. Jumanne alisema Mwalimu ale baada ya kupiga. Kila mama mwenye shughuli alikataa. Nikashauri kijiko, harusi iliyofuata mwenye nyumba aliuliza kama mchuzi wake una ubaya gani hata hauguswi kwa mkono. Nikasema aoshe kwa sabuni. Alijaribu, lakini maji ya birika hayakutosha kusuuza, sabuni yenyewe ilibaki vidoleni, na sabuni kwenye kigingi kikavu ni alizeti kwa jina jingine. Nikathubutu kusema ale kwa kushoto. Mama Idi alinitazama mpaka nikaomba msamaha. Basi mke wake amlishe? Mke alikataa katakata.

"Nimlishe mume hadharani? Kesho watasema nimemtilia limbwata ili nimtawale."

Ni Mama Idi aliyemaliza shauri. Harusi ya tatu, sinia lilipowekwa, alikuja akaketi mbele ya mwanawe, akakunja mikono ya gauni, akafinyanga tonge, akasema, "Fungua." Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mvi na miwani, akafungua mdomo. Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Mama hakugeuka hata kuwatazama. Akamlisha wali, akamchambulia kuku, akamfuta midomo kwa ncha ya mtandio, na mkono wa kulia wa Mwalimu ukabaki mkavu juu ya goti. Tangu siku hiyo alikwenda naye kila harusi. Watu walianza kusema hapo ndipo taarabu inapoanzia, mama anapokuja na sinia. Kigingi kile sikukigusa tena mpaka nikastaafu.

Sasa la mwisho. Mnakumbuka mwaka huu nilikuwa Manyoni kwa mwanangu nikiuguza goti, na habari za huku zikanipita. Wiki niliyorudi nikapita karakanani kuwasalimia, na ninyi mkafurahi kwa namna ya watu waliokuwa wamekaa bila kazi. Mwalimu Idi akaingia na udi wake.

"Shikamoo, dada. Jozi ya pili inayumba."

Zuhura, ulichukua kitambaa uufute, nami nikakuzuia, ukaninunia. Sikukueleza siku ile, nakueleza sasa. Nilichomoa kigingi cha uzi unaofuata, nikakinusa. Alizeti.

"Mama amekwenda lini?" nikamuuliza.

Hakuuliza nimejuaje.

"Wiki ya tatu sasa."

Nilikisafisha kigingi, nikakisugua chaki, nikakirudisha mahali pake. Baadaye nikamwambia, kwa upole nilioweza, kwamba Mama mwenyewe alisema labda akiwa amekufa. Sasa anaweza kula kwa kushoto, hakuna wa kumchapa.

"Nimejaribu," akasema. "Mkono unafika kwenye sinia halafu unarudi wenyewe. Nadhani nao umefiwa."

Petro, uliniuliza jana kwa nini nimestaafu na bado nanunua sabuni mche mzima na kukata kucha fupi kama daktari. Jumamosi kuna harusi Issuna. Mimi ni bibi mwenye goti bovu, hakuna atakayesema natia limbwata, na Mama Idi alinionyesha ukubwa wa tonge. Kazi niliyostaafu ni ya vigingi.